Zilipendwa, au bado zinapendwa? Nani anaamua filamu ipi ni ya taifa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi msomaji wako wa Makorora, Tanga. Juzi nyumbani tumebishana na mjomba mpaka chai ikapoa. Mi nilisema filamu za King Majuto ndo klasiki zetu Watanzania, yeye akacheka, akasema vile ni vichekesho vya kupitishia muda tu, filamu ya taifa lazima iwe nzito, ipate tuzo nje na serikali iitambue. Nikamwambia mbona wewe mwenyewe ukitaka kumnyima mtu hela unamuiga Majuto? Akanuna. Sasa naomba utusaidie, hivi nani hasa anaamuaga kwamba filamu hii ni klasiki ya nchi fulani? Kuna kamati? Na sisi tunayo hata moja?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mfikishie mjomba salamu zangu, mwambie hajashindwa bado, ila na wewe hujashinda, maana mnabishania vitu viwili tofauti mkidhani ni kimoja.

Kamati hakuna. Yaani kamati zipo, orodha zipo, tuzo zipo, nitazifikia, lakini hizo zote kwa kawaida zinafika kama mgeni anayeingia shughulini pilau lishaliwa. Ngoja nianze na kitu nilichokiona kwa macho yangu hapahapa Tanga.

Miaka ya tisini nilikuwa na laibrari ya mikanda Ngamiani, chumba kimoja, rafu za mbao, daftari la kuandika nani kachukua nini, na deki moja ya kukagulia. Mkanda ukirudi lazima niukague, nisije nikampa mteja wa pili mkanda mbovu akaja kunigombeza mbele za watu. Sasa ukishakagua mikanda mingi unagundua kitu, mkanda hauchakai sawasawa. Kila unaporudishwa nyuma na kuchezwa tena, kichwa cha deki kinausugua palepale, ile rangi ya sumaku inazidi kulika, na picha inaanza kutoa chenga. Filamu ambayo watu wameiangalia mara moja wakairudisha unaikuta safi mwanzo mwisho. Filamu waliyoipenda unaikuta safi, safi, safi, halafu ghafla chenga dakika mbili, halafu safi tena. Zile dakika mbili ndo walizokuwa wanarudisha. Nyumba ya kwanza wamerudisha hapo, ya pili hapohapo, ya kumi hapohapo, na hawajuani wala hawajaambiana. Nilikuwa na picha moja ya Kihindi, ukifika pale adui anapoingia mara ya kwanza ni chenga tupu, sauti inakwama, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kulalamika, kwa sababu walikuwa wanayamalizia maneno wenyewe.

Hizo chenga ndo kamati unayoiuliza.

Filamu haiwi klasiki siku inayotoka, hata ijaze ukumbi mpaka watu wakae chini. Inakuwa klasiki kwa kurudiwa. Na ili irudiwe lazima pawe na nakala nzima, pawe na mtu mwenye sababu ya kuionesha tena na tena, hata kama sababu yenyewe ni ubahili, na pawe na watu wanaotoka nayo mlangoni mdomoni mwao. Ukiniuliza kipi kati ya hivyo watu wanakidharau, nakwambia ni hicho cha katikati, hebu sikia kisa cha Wamarekani.

Wao wana filamu yao ya Krismasi, It's a Wonderful Life, ya mwaka 1946, Frank Capra ndo aliiongoza na steringi ni James Stewart. Leo Mmarekani ukimwambia hujaiona anakushangaa kama mtu wa Pwani aliyesema hajawahi kula samaki. Lakini ilipotoka haikufanya biashara ya maana, iligharimu zaidi ya dola milioni 3 na mapato yake yakashindwa kuiinua kampuni ya huyo Capra, ikateuliwa Oscar tano, zile tuzo kubwa haikupata hata moja, watu wakaendelea na maisha yao. Sasa sheria ya huko enzi zile ilisema hakimiliki inadumu miaka 28, ikiisha mwenye mali anatakiwa aende akaihuishe. Ikafika 1974, hakuna aliyeenda. Ofisi fulani mtu fulani kasahau fomu, basi. Vituo vya televisheni vikagundua kwamba hii picha unaweza kuirusha bila kumlipa mtu, na Desemba ni mwezi mrefu, unahitaji vitu vya kujaza saa, kwa hiyo kila kituo kikairusha, wengine mara tatu nne kwa wiki, mwaka huu, mwaka ujao, mwaka wa kumi. Watoto waliokuwa wamekaa kwenye zulia wakiangalia na bibi yao wakakua, wakawa na watoto wao, wakawakalisha kwenye zulia lilelile. Mwaka 1993 ndo kampuni ikaibuka ikasema jamani hii hadithi na muziki wake bado ni mali yetu, na mwaka uliofuata kituo kimoja kikubwa kikaichukua peke yake. Lakini hapo tayari, nchi nzima ilishaishika.

Unaona? Filamu ya taifa kubwa hivyo imetengenezwa na mtu aliyesahau fomu pamoja na mameneja waliotaka vya bure. Sisemi filamu yenyewe ni mbaya, ni nzuri sana, ingekuwa mbaya watu wangezima televisheni. Ila nzuri kama hiyo zilikuwepo nyingi na leo hakuna anayezijua, tofauti ni hiyo fomu tu.

The Shawshank Redemption nayo ni hivyohivyo, ya 1994, gharama dola milioni 25, mzunguko wa kwanza kwenye majumba ya sinema kwao ikapata kama milioni 16, hasara. Halafu ikaingia kwenye kanda za kukodisha, halafu kituo cha kebo kikawa kinairusha mpaka watu wanaijua kama namba ya simu ya nyumbani. Na The Wizard of Oz ya 1939 imekaa kwenye roho za Wamarekani kwa sababu kuanzia mwishoni mwa miaka ya hamsini ilikuwa inarushwa mara moja kila mwaka, watoto wanaisubiri kama sisi tunavyosubiri mwezi kuandama.

Sasa jiulize sisi. Televisheni Tanzania Bara imeanza 1994! Zanzibar walikuwa nayo toka miaka ya sabini mwanzoni, tena ya rangi, sisi huku Bara tulikuwa tunasikiliza redio. Kwa hiyo hicho chombo ambacho wenzetu kimewarudishia filamu moja miaka arobaini hadi ikawa ya kwao, sisi hatukuwa nacho wakati nchi inajijenga. Tulikuwa na majumba ya sinema, baadaye deki, baadaye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuoneshea video, na kote huko mwenye ukumbi anarudia kinachomwingizia hela, na kilichokuwa kinaingiza hela ni Mhindi, Mchina wa kung fu na Mmarekani mwenye bunduki. Ndo maana ukimuuliza mzee wa umri wangu hapa Tanga filamu gani iko moyoni mwake, nusu ya majibu ni za India. Na siyo kosa lake. Mwimbaji wa taarabu wa pwani hii alikuwa anaenda kuangalia picha Jumapili, Jumatatu ile tuni ya Kihindi ishatiwa maneno ya Kiswahili.

Chukua Sholay, maana hiyo ndo mfano ninaoupenda kuliko yote. Imetoka tarehe 15 Agosti 1975, siku ya uhuru wa India, Ramesh Sippy kaiongoza, ndefu zaidi ya saa tatu. Wiki za mwanzo mambo yalikuwa ya kusuasua, waandishi wakaiponda, wenyewe wakaanza kuhangaika kama wabadilishe mwisho. Halafu watu wakaanza kurudi. Mtu kaenda Jumamosi, Jumatano yuko kwenye foleni tena na shemeji yake. Ukumbi wa Minerva kule Bombay uliionesha zaidi ya miaka mitano, ukumbi mmoja, picha moja! Zikatoka santuri za mazungumzo yake, siyo nyimbo, mazungumzo, watu wananunua sahani ya mtu anayeongea, wanaipiga kwenye vibanda vya chai. Gabbar Singh, yule adui aliyechezwa na Amjad Khan, akawa anajulikana mpaka na watoto ambao hawajaiona filamu, mama anamtishia mtoto kwa jina lake, na hicho ndo kilekile kinachotokea kwenye filamu yenyewe. Na tuzo? Filmfare, zile tuzo za filamu za India, mwaka ule waliipa moja tu, ya uhariri. Mwaka 2005 tuzo hizohizo zikarudi zikaitangaza filamu bora ya miaka 50. Miaka thelathini wamechelewa, pilau lishaliwa, ila wamekuja.

Na kuna jambo la mwisho wa Sholay wengi hawalijui. Mwisho uliooneshwa miaka yote, polisi wanafika wanamzuia Thakur, yule anayetaka kulipiza kisasi, asimmalize Gabbar, siyo ule uliopigwa kwanza. India ilikuwa kwenye hali ya hatari, wakaguzi wakasema raia hawezi kujichukulia sheria mkononi kwenye picha, mkabadilishe. Wakabadilisha. Ule wa kwanza umeunganishwa kwenye nakala iliyofanyiwa ukarabati na kuoneshwa Bologna, Italia, mwaka 2025. Sasa klasiki ya taifa ni ipi, ile aliyoipiga mwenyewe au ile iliyokatwa na serikali ambayo watu waliilia miaka hamsini? Mi nasema hiyo ya pili. Hata kama inaniuma kusema, kwa sababu ndo iliyorudiwa.

Hapa kuna neno letu linanisaidia. Muziki wa zamani tunauita zilipendwa. Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Black Star, hao wote wa hapahapa Tanga, redio ikiwapiga mtangazaji anasema zilipendwa. Sikiliza hilo "-li-" la katikati, maana yake zilikuwa zinapendwa, yamepita. Filamu nyingi nzuri ni zilipendwa kwa maana hiyo, mtu akiikumbuka anaguna kidogo kwa raha na anaendelea na habari zake. Klasiki ni ile iliyogoma kuingia kwenye wakati uliopita, mtoto aliyezaliwa jana anaichukua kama imetoka leo na wala haulizi mwaka. Kwa hiyo ukitaka kupima, usimuulize mjomba, muulize mtoto wa darasa la sita.

Haya, turudi kwenye hoja za mjomba, maana siyo mjinga huyo.

Tuzo za nje. Zinasaidia, na kuna nchi ambazo bila hizo wangetupa lulu yao jalalani. Rashomon ya Akira Kurosawa, 1950, bosi wa kampuni iliyoitengeneza hakuielewa wala hakuipenda, ni mama mmoja Mtaliano aliyekuwa Tokyo, Giuliana Stramigioli, ndo akaing'ang'ania iende tamasha la filamu la Venice, ikachukua tuzo yao kubwa, Simba wa Dhahabu, 1951, na ghafla Wajapani wakaanza kuiangalia upya kitu kilichokuwa kabatini kwao. Pather Panchali ya Satyajit Ray, 1955, hela zilimuishia katikati, akaokolewa na serikali ya jimbo la Bengal Magharibi, na kwa vile jina lake linamaanisha wimbo wa njia ndogo, inasimuliwa hela zile ziliandikwa kwenye vitabu kama za kuboresha barabara! Ilioneshwa New York kabla ya Calcutta. Kwa hiyo mjomba ana pointi, kuna wakati mtu wa nje anakuonesha uzuri wa mkeo. Lakini tuzo bila marudio ni cheti ukutani. Sisi tulipeleka Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill kugombea Oscar, 2001, ya kwanza kabisa kutoka Tanzania, na ikapita miaka kama ishirini ndo ikafuata Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotolewa kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi. Zote mbili kazi za heshima. Haya toka hapo nyumbani Makorora, pita barabara kwa barabara mpaka Chuda, uliza nyumba kumi nani kaiona Maangamizi. Siyo kwamba watu hawana akili, wataionea wapi? Hakuna kituo kinachoirudia kila Desemba tarehe 9. Hapo ndo tatizo lilipo, halihusu uzito wala wepesi.

Orodha za wataalamu ndo kabisa, hizo zinakwambia nani alipiga kura kuliko nini ni bora. Jarida la Uingereza la Sight and Sound linapigisha kura kila miaka kumi toka 1952. Mwaka huo wa kwanza Citizen Kane ya Orson Welles haikuwemo hata kwenye kumi bora, 1962 ikawa namba moja na ikakaa hapo hadi 2012. Katikati kulitokea nini? Haikupigwa upya, ni ileile ya 1941, ila ilianza kurushwa kwenye televisheni na kurudishwa kumbini, watu wakaiona. Halafu 2022 wakaongeza wapiga kura wakawa zaidi ya 1,600, namba moja ikashikwa na filamu ya mwongozaji mwanamke kwa mara ya kwanza, Chantal Akerman. Hakuna filamu iliyopanda wala kushuka thamani usiku ule, wamebadilika waliokaa barazani tu.

Na serikali? Ipo njia nzuri na ipo mbaya. Marekani mwaka 1988 walitunga sheria ya kuhifadhi filamu, na toka 1989 maktaba yao ya taifa inachagua 25 kila mwaka, lazima iwe na miaka angalau kumi, na raia yeyote anaweza kupendekeza. Mwambie mjomba kwamba kwenye zile 25 za kwanza kabisa, pamoja na hizo nzito anazozitaka yeye, zilikuwemo Modern Times ya Chaplin, The General ya Buster Keaton na Some Like It Hot. Vichekesho vitatu, mwaka wa kwanza. The General yenyewe ilipotoka miaka ya ishirini iliangukia pua, watu walisema haichekeshi. Hoja yake ya kupitisha muda naomba niishie hapo, maana kila kitu tunachokipenda kilianza kwa kutupitishia muda.

Kwetu serikali ilijaribu. Tanzania Film Company iliundwa 1968, ikawa ndo inayoingiza filamu nchini na kusambaza, na ikatengeneza zake pia, kwenye miaka ya sabini kuna Fimbo ya Mnyonge ya kuhimiza ujamaa. Miaka ya themanini ikaja Arusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, 1985, fupi haifiki hata saa, habari za mwanamke mgonjwa anayeogopa waganga wa kienyeji. Kama ungenibana shingo nitaje filamu moja ya Kitanzania ya zamani ambayo kila mtoto wa shule alistahili kuikua nayo, ningetaja hiyo. Ila kustahili siyo kukua nayo. Njia mbaya ni kudhani kwamba serikali ikitangaza basi watu watapenda. Watu hawapendi kwa tangazo. Na kupigwa hapa kwetu pia hakutoshi, kuna Hatari! ya John Wayne ya 1962, imepigwa kule Momela Arusha, mpaka jina ni Kiswahili, na wala hakuna Mtanzania anayeiita ya kwake. Wakati huohuo kuna picha za Wamarekani ambazo Watanzania tumezifanya zetu kwa sababu Lufufu, Derek Mukandala, alizikalia kiti akazitia Kiswahili chake, akawapa wazungu majina na matusi ya mtaani kwetu. Mimi namuweka Lufufu kwenye historia ya sinema ya nchi hii bila kusita, mjomba akinuna anune tena.

Sasa Majuto.

Amri Athumani, mtu wa Tanga huyo, kafariki Agosti 2018 Muhimbili na akarudishwa nyumbani kuzikwa. Lafudhi yake ni ya kwetu, kile Kiswahili cha Pwani kinachovutwa kama uzi wa tende, kofia, kikoi, macho yale. Kwa kipimo changu cha mdomo kafaulu zamani, na ushahidi umeuleta wewe mwenyewe kwenye swali, mtu anayesema Majuto siyo kitu ndo huyo akibanwa na deni anaongea kwa sauti ya Majuto. Santuri za Gabbar zilikuwa zinafanya kazi hiyohiyo.

Lakini mwanangu, hapa ndo naposema na wewe hujashinda. Nitajie filamu. Siyo Majuto, filamu yake moja, jina lake na mwaka. Nimewafanyia zoezi hili wanafunzi wangu mara nyingi, wote wanacheka kabla sijamaliza kuuliza, mmoja anasimama anaigiza kipande kizima na kile kiuno, ukimwambia hii inaitwaje, kimya. "Ile ya kwenye ile nyumba." Hata mimi mwenyewe nachanganya. Na kwa Kanumba ni vilevile, Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012 Dar es Salaam ilisimama, sijui kama kuna msanii wa filamu wa nchi hii aliyezikwa na umati ule, lakini watu wanamkumbuka Kanumba, kazi moja moja wengi wanabaki kubahatisha.

Sababu yake naijua kwa sababu nilikuwa upande wa rafu. Biashara ya Bongo muvi ilikuwa ya CD, hadithi moja inakatwa pati wani na pati tuu ili mteja anunue mara mbili, na wiki ijayo kuna kava jipya, wiki nyingine jipya tena. Ile mpya kazi yake ilikuwa kuisukuma ya juzi itoke kwenye rafu. Minerva walikaa na picha moja miaka mitano, sisi picha moja ilikuwa inakaa wiki tatu halafu inaingia kwenye boksi la mia tano mia tano. Kilichokuwa kinarudiwa ni sura ya msanii, filamu yenyewe hapana, na kinachorudiwa ndo kinachobaki. Kwa hiyo tumepata watu klasiki, tukakosa filamu klasiki. Leo ndo imezidi, kipande cha Majuto cha sekunde arobaini kinazunguka kwenye simu, kimekatwa kichwa na miguu, hakina jina, hakina mwongozaji, hakina mwaka, na kila kikisambaa filamu kilikotoka inazidi kuzama. Mchekeshaji anakua, kazi yake inapotea nyuma yake.

Inaweza kurekebishika, kwa sababu filamu nyingi duniani zimefufuka kutoka pabaya zaidi. La Règle du jeu ya Jean Renoir ilizomewa Paris 1939, ikakatwakatwa, ikapigwa marufuku, nakala mama ikateketea kwa mabomu vitani, na bado kuna watu walikusanya vipande maboksi kwa maboksi wakaiunga upya mpaka 1959, leo Wafaransa wanaiapia. Hata hiyo Pather Panchali, nakala zake mama ziliungua moto London 1993, vikabaki vipande vimekauka kama papa wa kuanikwa, wataalamu wakaja kuvilainisha fremu kwa fremu na ikaonekana tena 2015. Ila kote huko walikuwa na cha kuungua. Kulikuwa na boksi.

Huku kwetu boksi ndo linaloliwa. Nilipofunga laibrari nilibaki na mikanda kama mia tatu, nikawa nazunguka nayo ofisi fulani kuomba sehemu ya kuitunza, wakanipa chumba cha chini chenye dirisha linaloangalia bahari, nikashukuru kama mjinga. Baada ya mvua mbili za masika nikaenda nikashika mkanda mmoja, nikauinua kwenye mwanga, kwenye kile kidirisha cha plastiki naona weupe umezunguka ukingo wa kile kigurudumu cha utepe kama chumvi kwenye mtumbwi. Kuvu. Joto la Tanga, unyevu na hewa ya chumvi, mkanda haupumui. Nilikaa na bisibisi, kitambaa laini na spiriti, nafungua kasha, navuta utepe taratibu na vidole viwili, nafuta sentimita kwa sentimita, kazi ya siku nzima kwa mkanda mmoja, na mingi ilinikatikia mkononi. Niliokoa kama sitini. Wamarekani wenyewe, pamoja na hela zao zote, filamu zao ndefu za enzi za bubu karibu asilimia 70 zimepotea kabisa, na hawana hata unyevu wetu.

Sasa hapo nyumbani, mjomba wa umri ule lazima ana mikanda au CD chini ya kitanda au juu ya kabati. Zitoe. Kama ni VHS yenye weupe usithubutu kuitia kwenye deki, kuvu litahamia kwenye kichwa cha deki na kuambukiza mikanda mingine yote, itenge, isimamishe wima mahali pakavu mbali na sakafu, mtafute mtu anayehamisha kwenda kwenye kompyuta. CD zile za kuchoma ndo za kuwahi kabla ya zote, zinakufa kimyakimya, leo inacheza kesho inasema hakuna diski. Na kava usitupe hata kama limechanika, kwenye kava ndo kuna jina, waliocheza, aliyeongoza, mara nyingi hakuna mahali pengine popote palipoandikwa. Chukua daftari, muweke mjomba kwenye kiti, kahawa na kashata mezani, muoneshe kava moja moja akwambie hii ilikuwa ya mwaka gani, huyu ni nani, hapa ni wapi.

Akiweza kulimaliza daftari zima bila kumuiga Majuto hata mara moja, niandikie, nitakubali kashinda yeye.